Jinsi ya kutengeneza shampuu ya nyumbani isiyobeba viputo vya hewa

Inua chupa ya shampuu ya kutengeneza nyumbani mbele ya dirisha. Kama imebeba hewa utaiona hapo hapo: vitone vidogo vimesimama katikati ya shampuu, havipandi wala havishuki, na shingoni kuna kola ya povu jeupe. Siku mbili tatu baadaye lile povu limekufa na shampuu imeshuka upana wa kidole. Mteja anaona kapunjwa, na hajakosea. Chupa ya nusu lita iliyojazwa shampuu yenye asilimia 5 ya hewa ina upungufu wa mililita 25, na Wakala wa Vipimo hawaulizi kama ulikusudia.

Dawa za kuua povu zipo, lakini kwenye shampuu hazifai, maana zikiua povu la ndooni zitaua na lile la kichwani ambalo ndilo mteja analipia. Kinachobaki ni utaratibu wa kazi, na utaratibu wenyewe una kanuni moja: kila kitu kinachohitaji kukorogwa kikorogwe shampuu ikiwa bado nyepesi kama maji, halafu chumvi ya kuifanya nzito iingie mwisho kabisa, baada ya hewa yote kutoka.

Sababu yake inapimika. Kasi ya kiputo kupanda inategemea mambo mawili, ukubwa wa kiputo na uzito wa shampuu (uzito wa kama uji, si wa mizani). Kiputo chenye upana wa milimita 1, ndani ya shampuu nzito ya kawaida (tuseme sentipoizi 5,000, yaani nzito kama mara elfu tano kuliko maji), kinapanda sentimita 20 kwa takribani nusu saa. Kiputo cha sehemu ya kumi ya huo upana kinapanda polepole mara mia, kwa hiyo safari ile ile kinaimaliza kwa siku mbili. Sasa kiweke hicho kidogo kwenye mchanganyiko ambao haujatiwa chumvi, mwepesi mara mia: nusu saa tu, kimefika juu. Ndiyo maana anayetia chumvi mapema akaendelea kukoroga anajifungia hewa ndani, na anayesubiri analala usingizi na kukuta ndoo imejisafisha yenyewe.

"Koroga upande mmoja mpaka iwe nyeupe"

Maelekezo mengi ya sabuni na shampuu yanayozunguka mjini huanza hivi: weka slesi kwenye ndoo, tia chumvi, koroga kwa nguvu upande mmoja mpaka ibadilike iwe nyeupe. Hapo ndipo tatizo linapozaliwa. Slesi (wengine wanaiita ungaroli) inayouzwa kwa kilo ni uji mzito wenye asilimia 70 ya kiini cha sabuni, na kwa asili yake inapitisha mwanga, ina umanjano kidogo au haina rangi kabisa. Ule weupe unaopatikana kwa kukoroga si dalili ya kuiva. Ni maelfu ya viputo vidogo sana vinavyotawanya mwanga, sawa na ute wa yai ukipigwa kwa uma. Umeshaingiza hewa ya aina mbaya kuliko zote, ile ya viputo visivyoonekana kimoja kimoja, na umeiingiza kwenye kitu kizito.

Hilo la upande mmoja nalo halina kemia nyuma yake. Molekuli za sabuni hazijui kulia wala kushoto. Ukizungusha upande mmoja kwa kasi, shimo linajitokeza katikati kama maji yanapoingia kwenye bomba la sinki, na shimo hilo linavuta hewa mpaka chini. Ni afadhali kubadilisha upande kila baada ya mizunguko michache, polepole, ili shimo lisipate nafasi ya kujitengeneza.

Vitu vya kupata kilo 10

Pima kwa mizani. Vikombe na vijiko vinadanganya, hasa kwa vitu vinavyotoa povu.

- Maji yaliyochemshwa: kilo 7.5 (kilo 6.9 za kuanzia, gramu 500 za kuyeyushia chumvi, gramu 100 za kuyeyushia asidi)
- Slesi ya asilimia 70: kilo 1.5
- Betaini (CAPB, sabuni laini ya kusaidia slesi) ya asilimia 30: gramu 500
- Gliserini: gramu 200
- Sodiamu benzoeti, ya kuzuia kuharibika: gramu 50
- Asidi ya sitriki: gramu 10 hadi 20, kwa kupima na karatasi za pH (zinazoonyesha ukali wa asidi)
- Pafyumu ya vipodozi: gramu 30 hadi 50
- Chumvi safi ya mezani: gramu 150, na huenda usiimalize
- Rangi ya vipodozi: matone machache, ukipenda

Vyote vinapatikana kwenye maduka ya kemikali za sabuni Kariakoo, Dar es Salaam. Betaini ni ghali kuliko CDE (kemikali ya kukolezea inayotokana na mafuta ya nazi), na wauzaji wengi watakusukumia CDE kwa kuwa inafanya shampuu kuwa nzito haraka. Kwa nywele na ngozi ya kichwa chagua betaini: inapunguza ukali wa slesi, na CDE imewekwa na shirika la utafiti wa saratani la IARC katika kundi 2B, la vitu vinavyoweza kusababisha saratani. Fomalini, ambayo bado watu wanaitia ili shampuu isioze, iache dukani. Hiyo IARC imeiweka kundi la kwanza, la vitu ambavyo imethibitika vinasababisha.

Maji yanastahili maneno zaidi. Maji ya bomba yana hewa iliyoyeyuka ndani yake, na yakipata joto hewa hiyo hutoka kwa viputo vidogo, vile vinavyoganda ukutani mwa sufuria kabla maji hayajachemka. Ukitumia maji mabichi ya baridi, viputo hivyo vitajitokeza ndani ya shampuu siku inayofuata jua likipasha chumba, nawe utashangaa vimetoka wapi wakati ulikoroga kwa adabu. Chemsha maji dakika 10 sufuria ikiwa wazi, kisha funika na uache yapoe yenyewe. Usiyamimine kutoka chombo kimoja kwenda kingine ili yapoe haraka kama mtu anayepoza chai, kwa kuwa unayarudishia hewa ile ile uliyoitoa.

Kama unatumia maji ya kisima, yaonje kwanza. Visima vingi vya ukanda wa pwani vina maji ya chumvi, na chumvi hiyo inaingia kwenye hesabu: mchanganyiko utaanza kuwa mzito kabla hujatia hata kijiko, yaani umepoteza ule muda wa wepesi ambao hewa ingeutumia kutoka. Kuchemsha hakuondoi chumvi. Maji ya bomba ya DAWASA, ya mvua yaliyovunwa kwa usafi, au yaliyochujwa kwa mashine yanafaa zaidi.

Jioni ya kwanza: slesi ijiyeyushe

Tumia ndoo ya lita 20 yenye mdomo mpana, safi na kavu. Kilo 10 ndani yake zitasimama kama sentimita 16 tu, na kina kifupi ni faida, maana kiputo kina safari fupi. Dumu lenye shingo nyembamba halifai kuchanganyia. Vaa glavu, na ukipata miwani ya kukinga macho vaa pia. Slesi ya asilimia 70 ikiruka jichoni inaunguza.

Weka zile kilo 6.9 za maji yakiwa na joto la nyuzi 50 hadi 60, yaani ya moto lakini hayatoi tena mvuke mwingi. Yeyusha sodiamu benzoeti mpaka isionekane, kisha gliserini. Benzoeti lazima itangulie asidi: ikikutana na asidi kali kabla haijatawanyika inageuka chembe nyeupe ambazo ni kazi kuziyeyusha tena.

Sasa slesi. Usifanye kosa la kuitilia maji kidogo kidogo. Slesi ina tabia ya ajabu: ukiipunguza nguvu kutoka asilimia 70 kwa maji machache, haiwi nyepesi, inakuwa ngumu zaidi, bonge kama jeli linalong'ang'ania mwiko. Ugumu huo unadumu mpaka ishuke chini ya asilimia 30 hivi. Bonge hilo likishavutwa na kukunjwa na mwiko, linakunja na hewa. Kwa hiyo slesi ndiyo iingie kwenye maji yote, si maji kuingia kwenye slesi. Ichote kwa kijiko kikubwa, kila donge la ukubwa wa ngumi ya mtoto, ulishushe majini taratibu mpaka kijiko kizame, likatike lenyewe. Usilidondoshe kutoka juu.

Baada ya hapo, usikoroge. Funika ndoo, nenda. Kila baada ya nusu saa pitisha mwiko chini kabisa, ukisukuma madonge kutoka ukutani kwenda katikati bila kuuinua mwiko juu ya maji. Mara tatu nne zinatosha. Ukianza saa kumi na mbili jioni, asubuhi saa moja utakuta mchanganyiko mwepesi unaopitisha mwanga, na juu yake povu jembamba.

Mwiko uwe wa plastiki au wa chuma kisichoshika kutu, wenye bapa pana. Wa mbao unanyonya unyevu na kuhifadhi vijidudu, na vinyweleo vyake vina hewa. Mashine ya kusaga juisi na mchapo wa mayai visikaribie ndoo. Wenye drili ya kukorogea rangi wanaweza kuitumia kwa masharti: kasi ya chini kabisa, bapa liwe limezama kabla ya kuwasha, lisimame pembeni kidogo mwa ndoo na kwa kuinama badala ya kusimama wima katikati, na uzime kabla ya kulitoa. Kipimo cha kasi ni uso wa mchanganyiko: uwe unatembea, lakini usibonyee. Drili isiyo na kasi za kupunguza ni bora uiache kwa kazi za ukuta.

Asubuhi: betaini, pafyumu, asidi

Engua povu la juu kwa kijiko bapa. Usilikoroge lirudi chini; povu hilo ni hewa ambayo imeshafanya safari yake.

Kwenye jagi, changanya pafyumu na betaini kwa kijiko, taratibu, mpaka usione macho ya mafuta. Pafyumu ikitiwa moja kwa moja kwenye ndoo inaelea juu kama utando, na kuizamisha kunahitaji kukoroga kwa nguvu, jambo ambalo ndilo tunalikimbia. Betaini yenyewe inatoa povu kirahisi, kwa hiyo mdomo wa jagi uguse ukuta wa ndoo karibu na uso wa mchanganyiko, imiminike ikiteleza. Zungusha mwiko chini, mzunguko mmoja kwa sekunde mbili hivi, dakika tano. Rangi nayo iyeyushe kwenye maji kidogo kwanza.

Yeyusha gramu 20 za asidi ya sitriki kwenye zile gramu 100 za maji. Tia nusu, zungusha, pima kwa karatasi. Tunatafuta pH ya 5 au chini yake kidogo, maana sodiamu benzoeti haifanyi kazi vizuri juu ya hapo. Fanya hili kabla ya chumvi, kwa sababu kushuka kwa pH nako kunaongeza uzito mahali penye betaini. Kama pH imefika na asidi imebaki, imebaki. Usiimalizie kwa huruma.

Funika, acha saa mbili. Mchanganyiko bado ni mwepesi, na hizi ndizo saa mbili za thamani kuliko zote kwenye kazi nzima. Zinaokoa siku mbili za kusubiri baadaye.

Chumvi

Yeyusha gramu 150 za chumvi kwenye gramu 500 za maji yaliyochemshwa na kupoa, chuja kwa kitambaa, acha yatulie mpaka yawe angavu. Chumvi kavu ikinyunyizwa kwenye ndoo inafanya mabaya mawili: kila punje inashuka na hewa iliyoishikilia, na pale inapotua panakuwa pazito ghafla, hivyo unalazimika kukoroga sana ili kusawazisha.

Kabla ya kugusa ndoo, jaribu kwenye glasi. Chukua gramu 100 za mchanganyiko, ongeza maji ya chumvi gramu moja moja, ukizungusha kijiko na kusubiri dakika chache kila mara. Utaona uzito unapanda, unapanda, kisha ukiendelea unaanza kushuka na shampuu inarudi kuwa maji. Huo mlima una kilele, nawe hutaki kukifikia; simama gramu moja kabla. Gramu 4 kwenye glasi ni kama gramu 370 kwenye ndoo, maana kabla ya chumvi ndoo ina kilo 9.3 hivi. Hesabu hii ni muhimu kwa sababu betaini yenyewe inakuja na chumvi ndani, na pafyumu nyingine zinapandisha uzito, nyingine zinaushusha. Hakuna namba moja ya kudumu.

Tia sehemu kubwa ya kwanza, gramu 200 kwa mfano, kama uzi mwembamba ukutani mwa ndoo huku mwiko ukizunguka chini. Subiri dakika 15. Endelea kwa gramu 100, halafu 50. Kadiri shampuu inavyozidi kuwa nzito ndivyo mwiko unavyotakiwa kwenda polepole, mpaka mwisho uwe kama unasukuma tu.

Tahadhari ya hali ya hewa ya Dar: shampuu ya chumvi inakuwa nyepesi kwenye joto na nzito kwenye ubaridi. Ukiifanyia kazi mchana wa Januari, kwenye nyuzi 33, itaonekana maji nawe utaongeza chumvi. Usiku wa Julai chupa hiyo hiyo itakuwa imeganda na kila kiputo kilichokuwemo kimefungwa humo. Amua uzito asubuhi mapema, au poza sampuli ya glasi kwenye friji kidogo uone inakuwaje.

Ukizidisha chumvi, usiongeze maji matupu. Tengeneza kidogo mchanganyiko wa slesi na maji bila chumvi kwa uwiano ule ule, gramu 15 za slesi kwa kila 85 za maji, uongeze taratibu.

Wapo wanaotumia unga wa kukolezea, CMC au zanthani, badala ya chumvi. Vinafanya shampuu kuwa nzito, lakini, hasa zanthani, vinajenga wavu ambao kiputo kidogo hakina nguvu ya kuupenya hata kikipewa mwezi mzima. Shampuu ya chumvi angalau inakiachia, ijapokuwa polepole. Kama huna budi kutumia zanthani, ilowanishe kwanza kwenye gliserini (gramu 20 kwa gliserini yote gramu 200), uitie kwenye maji jioni ya kwanza kabla ya slesi, ikiwa hakuna kitu cha kutoa povu bado.

Kupumzisha na kujaza chupa

Funika ndoo kwa kitambaa safi na kifuniko kilicholegezwa, iache saa 24. Povu lililoganda juu likikusumbua, lipulizie spiriti safi isiyo na rangi mara mbili tatu kwa chupa ya kupulizia, litakatika. Fanya hivyo mbali na jiko.

Kazi nzuri ya siku mbili inaweza kuharibika ndani ya robo saa ya kujaza. Kumimina kwa jagi kupitia faneli ni kama kuipiga upya: shampuu inaanguka, inajikunja juu yake yenyewe kama kamba inayojiviringisha, na kila mkunjo unafunga hewa. Fungia koki kwenye ndoo, sentimita 2 au 3 kutoka chini, uunganishe mrija laini unaoingia mpaka kitako cha chupa. Fungua koki kidogo, acha shampuu ipande huku ncha ya mrija ikiwa imezama daima, ukiushusha mkono wa chupa taratibu. Kifuniko cha ndoo kilegee. Kikibana, ndoo itatafuta hewa kupitia koki, utasikia inagugumia, na kila mgugumio ni kiputo kikubwa kinachopita katikati ya kazi yako. Chupa ziwe kavu kabisa. Matone ya maji ya kuoshea yanatoa povu na kupunguza dawa ya kuzuia kuharibika.

Asiye na koki ainamishe chupa kama anayemimina bia, shampuu iteleze ukutani, mwisho aisimamishe.

Sentimita 2 za mwisho kwenye ndoo usizijaze. Ndiko povu lote lilikokusanyika. Ziweke kwenye kopo, zitatumika nyumbani.

Kujua kama umefaulu, pima. Weka alama ya mililita 500 kwenye chupa tupu kwa kupima maji gramu 500, kisha jaza shampuu mpaka hapo. Shampuu ya mapishi haya isiyo na hewa ina uzito wa gramu 510 hadi 515. Ukipata gramu 490, ndani kuna hewa karibu asilimia 4 au 5, hata kama macho yanaona angavu.

Si kila kiputo ni hewa ya mwiko

Kuna gesi ambayo shampuu inaitengeneza yenyewe. Mapishi mengi ya sabuni ya maji yanatumia asidi ya sulfoniki na kuituliza kwa soda ashi; watu wanayahamishia kwenye shampuu ili kupunguza gharama. Soda ashi ikikutana na asidi inatoa kaboni dayoksaidi, ile gesi ya soda ya chupa, na si kidogo: gramu 100 za soda ashi zikitumika zote zinatoa zaidi ya lita 20 za gesi. Sehemu ya mwisho inatoka polepole. Ukifunga chupa siku hiyo hiyo, zinavimba. Kwa nywele asidi hiyo ni kali, hatuishauri. Lakini anayeitumia aitulize kwa kostiki soda iliyoyeyushwa na kupoa, ambayo haitoi gesi, akifuatilia kwa karatasi za pH. Magadi soda na asidi ya sitriki pamoja yana mchezo huo huo.

Viputo vinavyojitokeza baada ya wiki, wakati siku ya kujaza shampuu ilikuwa angavu, na chupa ikitoa mlio ukiifungua, hiyo ni dalili ya vijidudu. Mara nyingi ni ile iliyotiwa aloe vera mbichi iliyosagwa kwa mashine. Aloe ya namna hiyo inaingia na mapovu yake na chakula cha bakteria kwa pamoja. Usijaribu kuiokoa, imwage. Ukitaka aloe lazima, nunua iliyokwisha kusafishwa na kutiwa kinga, au kwangua ute kwa kijiko, uchuje kwa chachi, ulaze usiku kwenye friji, na shampuu hiyo uitumie mwenyewe ndani ya siku chache.

Vitone vinavyofanana na macho ya samaki, vyenye ukingo laini, visivyopanda hata ukipasha chupa, ni madonge ya slesi ambayo hayajayeyuka. Hivyo dawa yake ni muda na joto, si kukoroga. Ukungu wa jumla usio na vitone unaweza kuwa pafyumu iliyozidi, au hewa laini sana. Tofautisha hivi: weka glasi moja kwenye maji ya moto ya nyuzi 45 kwa saa moja bila kuitikisa. Ikianza kuwa angavu kutoka chini kwenda juu na povu likakusanyika usoni, ilikuwa hewa.

Jaribio hilo ndilo pia njia ya kuokoa ndoo nzima iliyoharibika. Isimamishe kwenye karai la maji ya nyuzi 45 hadi 50, kifuniko kimelegezwa, ubadilishe maji yakipoa, kwa saa mbili tatu. Joto linaifanya shampuu kuwa nyepesi na viputo vinavimba kidogo, vyote viwili vinasaidia kupanda. Usiiweke jikoni moja kwa moja. Chini itapata joto kali, pafyumu itapotea. Viwandani wanatumia mitungi inayonyonya hewa, lakini kuiga hilo kwa ndoo ya plastiki na pampu ni kutafuta ndoo iliyobonyea na povu lililojaa kwenye pampu.

Anayetaka kuuza akumbuke kwamba vipodozi viko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS) tangu 2019, na ofisi za SIDO, shirika la viwanda vidogo, zinasaidia wajasiriamali wadogo hatua za kufika huko. Na kwa zinazokwenda saluni kwa bodaboda, acha nafasi ya sentimita 1 tu shingoni. Chupa iliyojaa haina hewa ya kutikisika nayo. Iliyopungua itafika Sinza ikiwa na povu jipya, na itahitaji kusimama rafuni mpaka kesho yake kabla haijaonekana tena kama ilivyotoka kwako.